Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni na Turathi wa Kenya: wakumbukwe waliopandia Khedive Ismail hapa Kilindini

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkaazi wa Likoni. Kila nikivuka feri hutupa jicho upande wa Kilindini, kwa kuwa hapo ndipo walipopandia wanajeshi wa meli ya Khedive Ismail mapema Februari 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakielekea Colombo, Sri Lanka.

Melini mlikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na walikuwemo pia wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo topido mbili, yaani makombora ya majini. Haikuchukua hata dakika tano, ikazama. Walifariki 1,297.

Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, zikaikabili nyambizi ile. Na hapa, Mheshimiwa, moyo huniuma kila nikisoma: I-27 ilikuwa imejificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea, na mabomu ya kulipukia majini yakaangushwa papo hapo walipokuwa. Mwishowe Petard ilirusha topido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza.

Petard ilikuwa na sifa zake tayari. Oktoba 30, 1942, katika Bahari ya Mediterania, Luteni Tony Fasson na baharia Colin Grazier wa Petard waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 ilipokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya siri vilivyosaidia kufumbua mawasiliano ya Wajerumani. Wote wawili walizama nayo. Walitunukiwa George Cross, nishani ya Uingereza ya ushujaa. Kijana wa kantini ya Petard, Tommy Brown, aliyewasaidia akiwa na miaka 16 tu, akapewa nishani ya George Medal. Huko Tamworth, Uingereza, kwao Grazier, zimesimamishwa nanga tatu za kuwakumbuka.

Nishani hizo walizistahili, tena sana. Ninachoomba ni kwamba na sisi tuwe na nanga yetu.

Najua majina ya askari wetu yamo kwenye mnara wa kumbukumbu ulio makaburini, Barabara ya Ngong, Nairobi. Lakini wao waliagana na nchi kavu Mombasa. Fort Jesus imehifadhi mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697; basi na wana wetu watengewe chumba humo, majina yote yaandikwe ukutani, moja moja, bila kufupishwa kuwa idadi. Familia zilizobaki na picha, barua au nishani za wazee wao zialikwe kuzileta zinakiliwe, kisha zirudi nazo nyumbani. Na kila Februari 12, majina yasomwe kwa sauti gatini Kilindini.

Niko tayari kujitolea kuyasoma.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Likoni, Mombasa