Zuhura, kabla hujaenda kumchukua yule kasuku

Birmingham,
9 Machi

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi sana, shoga yangu, na Rahma umbusu kwa niaba yangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Yule bibi jirani yako anahamia kwenye nyumba ya wazee, hawezi kwenda na ndege wake, na Rahma amelia mpaka umekubali kumchukua. Unaniuliza kama ni kazi kubwa. Nilianza kukujibu kwa simu, nikaona hapana, hili linataka kalamu. Nimekaa mezani sasa hivi, Ndutu, kasuku wangu, yuko begani kwangu, ameshamega pembe moja ya karatasi hii. Ukiipata haina ncha, ujue ni yeye.

Picha uliyonitumia nimeiangalia vizuri. Mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu kama umepakwa rangi ya kucha, na pete nyeupe kuzunguka macho. Huyo ni wa aina moja na wangu, Zuhura, wale kasuku wadogo wanaoitwa lovebird wa Fischer, na asili yao ni kwetu kabisa: nyanda za kusini mwa Ziwa Victoria, Serengeti na kule Ndutu, ndiyo maana wangu nikampa jina hilo. Wanalala kwenye matundu ya miti, au wanaingia kwenye viota vikuukuu vya kwera. Nilipokuwa mdogo Magu, tulipelekwa kuamia ndege kwenye mashamba ya mtama, na hawa walikuwemo. Unawasikia kabla hujawaona. Kundi linakuja chini chini kwa kasi, linatua kwenye masuke, shamba zima linapiga kelele. Tulikuwa tukiwarushia mawe kwa kombeo. Wakati huohuo kuna waliokuwa wakiwatega kwa maelfu ili wauzwe ng'ambo. Mwaka 1987 ndio waliokuwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Siku hizi Ulaya hawaruhusu tena kuingiza ndege waliokamatwa porini ili wauzwe kama wa kufuga, kwa hiyo huyo wa bibi bila shaka amezaliwa humuhumu, na wazazi wake pia. Hajawahi kuuona mgunga. Lakini mwili wake na akili yake bado ni vya Serengeti, na mengi nitakayokuandikia yanatoka hapo.

La kwanza ni kwamba ni ndege wa kundi. Porini hakai peke yake hata saa moja. Ukimchukua, kundi lake ni wewe, Rahma na baba Rahma. Kuna watu watakwambia kasuku hawa wakiwekwa mmoja mmoja hufa kwa majonzi. Si kweli, Ndutu yuko peke yake mwaka wa tano huu na ana afya. Lakini mmoja asiye na mwenzake anataka muda wako kila siku ya Mungu: saa mbili tatu nje ya tundu, aruke, akupande begani, akuchambue nywele, na hata akiwa ndani awe mahali anapoona watu. Usimweke chumba cha nyuma. Mimi kazini nafanya zamu, na siku ninazotoka usiku huwa nakaa naye kwanza ndipo nalala. Ukinyima muda huo ataanza kujinyonyoa manyoya, au atapiga ukelele mmoja huohuo kutwa. Na usifikirie ni jambo la mwaka mmoja. Hawa huishi miaka kumi, hata kumi na tano. Unasema wake ana minne. Rahma ana minane. Hesabu mwenyewe: anaweza kuwa bado yuko nawe Rahma anapoingia chuo.

Mwambie Rahma mapema kwamba hatazungumza. Wapo wachache mno wanaojifunza neno moja mawili, ila hawa si kama wale kasuku wakubwa wa kijivu wa Kongo. Sauti yao ni kali, nyembamba, na saa yao ni alfajiri na machweo. Ukuta wako na wa jirani wa upande wa pili ni mwembamba, kaongee naye kabla.

Siku za mwanzo usimguse. Hili nalisisitiza kwa sababu najua Rahma atataka kumshika siku hiyohiyo. Mchukueni na tundu lake lilelile, vijiti vyake vilevile, bakuli lake lilelile, mliweke pembeni penye ukuta nyuma yake asijihisi amezungukwa. Anaweza kukaa nusu siku bila kula, amejibana pembeni, anawatazama. Mkae karibu, mzungumze sauti ya kawaida, Rahma asome vitabu vyake vya shule hapo. Baada ya siku chache mpe suke la uwele kupitia kwenye nyaya. Akilifuata, kesho yake mlango uwe wazi na suke liwe mkononi mwako. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Na atauma. Mdomo ule ni mdogo lakini unatoa damu, hasa ukiingiza mkono ndani ya tundu, maana pale ni kwake na analinda. Usimpigie kelele wala usimtikise. Mrudishe taratibu, uondoke dakika chache. Anaelewa haraka sana kuondoka kwako kuna maana gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa ndilo limenifanya niandike.

Kabla ya Ndutu nilikuwa na mwingine, Kito. Sijawahi kukusimulia alivyokufa. Ilikuwa Jumapili, nimekanda unga wa chapati, nikaweka kikaango cha nonstiki jikoni kipate moto. Mama akapiga simu kutoka Magu. Unajua mama akianza. Nikatoka nayo ukumbini, tukazungumza kama robo saa, na kikaango kikavu kiko juu ya moto mkubwa. Niliporudi kulikuwa na harufu kidogo tu, wala sikukohoa. Kito alikuwa sebuleni, mlango wa jikoni wazi. Nilimkuta chini ya tundu, mabawa yamefunguka, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Nikambeba mpaka dirishani, nikafungua, nikawa natafuta namba ya daktari kwa mkono mmoja. Alifia kwenye kiganja changu kabla simu haijapokelewa. Uzito wake haukufika gramu hamsini na tano, na bado mkono wangu unaukumbuka.

Daktari alinieleza baadaye. Ile ngozi nyeusi laini inayofanya chakula kisigande, ikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke ambao sisi hatuuoni kama kitu, lakini ndege unamuua kwa dakika chache. Ndege hapumui kama sisi. Hewa inapita kwenye mapafu yake kwa mkondo mmoja na ana vifuko vya hewa mwili mzima, kwa hiyo anavuta hewa vizuri mno, na sumu vilevile anaivuta vizuri mno. Tangu siku ile nyumbani kwangu hakuna nonstiki hata moja. Chapati napika kwenye kikaango cha chuma, na zinatoka. Angalia na pasi, na mashine za kukaangia bila mafuta, na trei za oveni, nyingi zimepakwa kitu hichohicho.

Na hapa najua nitakugusa pabaya: udi na ubani. Nyumba yako bila chetezo siku ya Alhamisi jioni si nyumba yako, nalijua hilo tangu tulipokuwa tunapanga pamoja. Lakini moshi wowote ni mbaya kwake, uwe wa udi, wa sigara au wa mishumaa ya manukato, na dawa za kupulizia hewani na marashi ya chupa ni hivyohivyo. Ukishindwa kabisa kuacha, fukiza chumba cha juu, mlango umefungwa, dirisha wazi, na ndege awe chini kwenye chumba kingine kilichofungwa. Ukiniuliza mimi, ningeacha. Nguo zako unaweza kuzifukiza kwa dada yako.

Jambo la mwanga watu wengi hawalifikirii. Kwetu mchana na usiku karibu vinalingana, kama saa kumi na mbili kila kimoja, mwaka mzima, na mwili wa ndege huyu umeumbwa kwa mpango huo. Hapa mwezi Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku. Akiachiwa mwanga wote huo mwili wake unadhani ni msimu wa kuzaa. Anakuwa mkali, na kama ni jike ataanza kutaga mayai hata bila dume. Kutaga mfululizo kunamaliza chokaa mwilini, na yai linaweza kumkwama, na likimkwama anaweza kufa. Kwa hiyo ifikapo saa moja jioni Ndutu nafunika tundu kwa kitambaa kizito, namfunua saa moja asubuhi. Kwa macho huwezi kumjua dume na jike; inapimwa kwa unyoya au tone la damu. Muulize bibi kama aliwahi kutaga. Na usimwekee vibanda vya kitambaa vya kulalia, anavitafuna nyuzi na vilevile vinamfanya ahisi yuko kiotani. Ukimwona anachana karatasi vipande virefu, vilivyonyooka kama vimekatwa kwa mkasi, na kuvibeba mdomoni kwenda pembeni, ujue ni jike anayetafuta mahali. Ndutu hufanya hivyo, ndivyo nilivyoanza kumshuku kabla ya kipimo. Mahesabu yangu yote ya mwaka juzi aliyachana.

Chakula: nina wasiwasi kwamba bibi alimlisha mbegu tupu, alizeti na mtama. Wazee wengi hapa ndivyo walivyozoea. Mbegu tupu zina mafuta mengi na hazina vitamini A, ini linaharibika polepole. Usimbadilishie ghafla, maana anaweza kugoma kula mpaka afe akiwa na bakuli limejaa mbele yake. Changanya kidogo kidogo zile punje zilizosindikwa za kasuku, na kila asubuhi mboga mbichi: mchicha, sukuma wiki, karoti iliyoparuzwa, pilipili hoho pamoja na mbegu zake. Ndutu anakwenda na hoho mpaka mkia unatetemeka. Parachichi kamwe, ni sumu kwa ndege, na wewe unalo kwenye kila sahani. Chokoleti, kahawa na chumvi pia asionje. Na tazama bakuli kwa karibu: anamenya mbegu na kuacha maganda juu, ukilitazama kwa mbali utasema limejaa kumbe ni maganda matupu. Pulizia kwanza ndipo uamue.

Nunua mizani ya jikoni, ya gramu moja moja. Mpime kila wiki, asubuhi kabla hajala, uandike kwenye daftari. Ndege anaficha ugonjwa, maana porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa, na ukija kumwona amejivimbisha manyoya mchana, amekaa chini ya tundu, tayari amechelewa. Lakini uzito hausemi uongo. Akipungua sehemu moja ya kumi, piga simu siku hiyohiyo. Tafuta sasa, kabla hajaja, daktari wa wanyama anayejua ndege. Wengi wanajua mbwa na paka tu. Mpeleke wiki ya kwanza apimwe, pamoja na ule ugonjwa wa kasuku unaoweza kumwingia mtu na kushika mapafu. Unaponaswa mapema unatibika, ila Rahma ana pumu, nisingependa mbahatishe. Kwa pumu hiyohiyo, muulizeni daktari wake kuhusu vumbi la manyoya kabla hamjakubaliana na bibi. Akisema hapana, basi nitamchukua mimi. Nasema kweli.

Tundu la bibi nimeliona kwenye picha, ni refu na jembamba. Ndege haruki kwenda juu kama lifti, anaruka kwenda pembeni, kwa hiyo anahitaji pana. Ninalo la Kito, bado liko dari ya juu, nimelisafisha. Vijiti nitakukatia vya mti wa tufaha hapa uani, vinene na vyembamba, ili miguu isikae namna moja kutwa. Kile kioo alichowekewa kiondoe.

Nina ombi jingine, si kwa ajili ya ndege. Kabla bibi hajaondoka, kaa naye saa moja, na Rahma awepo. Aseme anamwitaje, anampigia mluzi gani asubuhi, anapenda kukunwa wapi. Mrekodi sauti kwenye simu. Ndege atakuwa amempoteza mtu aliyeishi naye maisha yake yote, na bibi naye hivyohivyo. Uliza kama ile nyumba ya wazee inaruhusu mgeni kuja na tundu dogo la kubebea. Nyingine zinaruhusu.

Jumamosi ya wiki ijayo sina zamu. Nitakuja na treni ya asubuhi, nikiwa na tundu, vijiti na mizani. Tutazunguka nyumba pamoja tuangalie madirisha na kifuniko cha choo, na vikaango vyako vya nonstiki tutavitoa vyote. Nitumie jina la ndege, umesahau kuniambia.

Wako,
Neema