Picha ya kichwa nayo iwe bure kwa wanaoshukiwa TB ya ubongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, kazi yangu ni chumba cha CT scan, mashine ya mionzi inayopiga picha za ndani ya mwili.

Mgonjwa huletwa ameshaumwa wiki mbili, tatu. Kichwa hakiachi, homa, kutapika. Amemaliza dozi ya malaria, akapewa na ya taifodi, sasa anaongea yasiyoeleweka na jicho moja limeingia makengeza. Fomu imeandikwa "CT ya kichwa", basi. Ndugu wakiulizwa kama watalipia na dawa ya kuchoma mshipani, ile ya kufanya picha ionyeshe zaidi, wanatazamana. Kisha mmoja anasema, "Piga hiyo ya kawaida, dada."

Hiyo ya kawaida huonyesha maji yaliyojaa ndani ya ubongo, na hilo si dogo, maana huenda yakahitaji kutolewa kwa upasuaji haraka. Lakini TB ya utando wa ubongo hupenda kujificha chini, kwenye kitako cha ubongo. Dawa ikishaingia mshipani, utando uliovimba hung'aa mweupe kuzunguka shina la ubongo, na vivimbe vya TB hujitokeza kama pete. Bila dawa, mara nyingi hapo naona kijivu tu.

Sisemi picha peke yake inatosha. Maji ya uti wa mgongo lazima yapimwe, na ndugu wanaoiogopa sindano ya kuyatoa mgongoni waelezwe kwa upole. Ila hata kipimo cha Xpert Ultra, kinachotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2017, kikisema hakuna TB, bado inaweza kuwepo. Hapo picha humsaidia sana daktari kuamua. Nayo picha siku za mwanzo huweza kuwa safi kabisa, kwa hiyo daktari mwenye shaka kubwa asiisubiri ndipo aanzishe dawa za TB. Ugonjwa huu ukicheleweshwa unaua, na wapo wanaopona wakabaki viziwi, vipofu au wamepooza.

Tanzania makohozi hupimwa bure na dawa za TB ni bure. Naiomba Wizara ya Afya iingize humo humo na picha hii, pamoja na dawa yake ya mshipani. Na madaktari wetu, andikeni kwenye fomu "nashuku TB", na mgonjwa ameumwa kwa muda gani, ili tujue tangu mwanzo ni picha ya namna gani inatakiwa.

Mtaalamu wa mionzi,
Dodoma