Wanangu wa kriketi, kabla hamjachapisha jezi

Wanangu,

Nimesikia mnataka majina ya mama zenu mgongoni mwa jezi mpya. Chapisheni, sina neno. Timu ya taifa ya India ilifanya hivyo kwao Visakhapatnam tarehe 29 Oktoba 2016: nahodha Dhoni akaingia na "Devki", Kohli na "Saroj", na New Zealand wakatolewa wote kwa mikimbio 79. (Lilikuwa pia tangazo la kituo cha televisheni, tusidanganyane.) Ila jezi huvuliwa jioni, na anayeifua mwamjua.

Mimi nilikuwa mrushaji. Mrushaji husugua mpira pajani ung'ae, na wekundu wake hubaki kwenye suruali nyeupe. Kila Jumapili jioni mama yangu aliukalia wekundu ule kwa sabuni ya mche na nusu ndimu, na maji ya mwisho akayatia buluu. Siku ya kwanza aliniuliza kama ni damu. Nikacheka, wala sikumweleza. Nilijiambia mchezo wenyewe hataujua, siku nzima juani, atachoka bure. Amekufa hajaniona hata ova moja, mipira sita tu. Hakuna aliyemkataza kuja. Hakuna aliyemwalika, basi.

Ndiyo maana katika mengi ya Sachin Tendulkar, mpigaji wa India, linalonigusa ni ombi lake. Kabla ya mechi yake ya 200 ya Testi (zile za kimataifa za siku tano), ile ya kuaga ya Novemba 2013, aliomba ichezwe kwao Mumbai ili mama yake, Rajni, aione. Miaka 24 ya kuchezea taifa, na mama hakuwahi kumtazama uwanjani! Akaletwa uwanja wa Wankhede kwa kiti cha magurudumu, mwana akapiga mikimbio 74. Watu husimulia machozi, na alivyoinama kuigusa pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja. Mimi nasimulia lile ombi, kwa sababu lilitangulia machozi.

Mama huyo huyo tunamjua sisi Wakenya, ingawa wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Kombe la Dunia la 1999, Uingereza, Tendulkar alifiwa na baba, akarudi nyumbani kuzika. Mjane wa siku chache ndiye aliyemhimiza arudi kwenye timu. Tarehe 23 Mei, Bristol, akatupiga 140 kwa mipira 101 bila kutolewa, akainua macho juu. Tulishindwa kwa mikimbio 94. Niliumia, na bado nilijikuta nikipiga makofi peke yangu sebuleni.

Naseem Shah, mrushaji wa Pakistan, alikuwa na miaka 16 mama yake alipofariki, Novemba 2019, naye yuko Australia na timu. Alibaki, na siku chache baadaye akacheza Testi yake ya kwanza Brisbane. Simsifu wala simlaumu. Likimfika mmoja wenu, kocha asimwamulie. Aulizwe yeye na watu wake, na nauli tutachanga usiku huo huo.

Sasa mechi ya Jumamosi ijayo. Tuanze saa tatu, maana kivuli cha mjakaranda hutosha mpaka saa nane. Kila mmoja akamchukue mama yake mlangoni, asimtumie ujumbe wa simu. Ambaye mama yake ametangulia, aje na nyanya au shangazi aliyemlea. Nitakaa nao mimi niwaeleze ova ni nini, na ule wekundu unatoka wapi. Viti na chai ni juu yangu.