Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na karibuni nyote, wanachama wa chama chetu cha teksi. Nawashukuru hasa mliofika kwa wakati. Waliobaki, viti vyao mnaviona.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, mnazijua. Tuliwazika wenzetu wawili na chama kikatoa mchango kama katiba isemavyo. Tulifuturu pamoja. Barua ya maegesho ya upande wa Nyali ilipelekwa kaunti, jibu tunalingoja. Magari mengi yamepita ukaguzi.

Sasa nije kwa jambo lililonikosesha usingizi tangu Mei: gari la umeme ambalo chama kilinunua liwe teksi. Nimeambiwa kwa simu, na nyuma ya mgongo wangu, kwamba mwenyekiti amechukua pesa za teksi akanunua kijigari cha watoto. Leo mtanisikiliza.

Kwanza utaratibu. Mkutano wa kuamua ununuzi huo ulitangazwa wiki tatu kabla. Kati yetu 64 walifika 23, na katiba inataka thuluthi moja. Waliokubali 15, waliokataa 8. Wale 8 nawaheshimu, walikuja wakasema lao. Wanaonishangaza ni wale ambao siku ile walikuwa kwenye mpira, na leo ndio mahakimu.

Tulikuwa tumepewa bei ya Toyota Probox ya mitumba kwa shilingi 1,250,000. Nissan Leaf tuliyochukua, ya betri ya uniti 40 za umeme (kWh), ilitugharimu 1,600,000, na chaja ya ukutani na waya wake 80,000. Kwa hiyo ndiyo, tulilipa 430,000 zaidi. Wapinzani wakifika hapa hufunga daftari. Mimi nasema teksi hainunuliwi siku moja, inanunuliwa kila asubuhi ukiingia kituo cha mafuta.

Probox kwenye foleni ya Makupa, abiria ameomba AC, lita moja inakupa kilomita 12 hivi. Petroli hapa Mombasa mwaka huu imekuwa karibu shilingi 180 kwa lita. Hiyo ni shilingi 15 kila kilomita. Leaf hukupa kilomita 6 kwa uniti moja, nami nahesabu 5 kwa sababu umeme mwingine hupotea wakati wa kuchaji. Kwa tokeni ya kawaida uniti ni kama shilingi 30 ukijumlisha kodi na makato, kwa hivyo shilingi 6 kwa kilomita. Dereva wetu hutembea kama kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Petroli 450,000; umeme 180,000. Tofauti ni 270,000 kila mwaka, na zile 430,000 zinarudi kabla ya miaka miwili. Sijataja oili ya injini, plagi wala filta ya oili, maana Leaf haina hata kimoja. Breki pia haziliki haraka, kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha chaji kidogo kwenye betri.

Mtu atasema umeme nao hupanda. Hupanda, na makato ya mafuta na ya fedha za kigeni hubadilika kila mwezi. Lakini ni nani hapa ambaye hakodoi macho kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, ikitangaza bei? Mwaka 2023 VAT ya mafuta iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16, na kabla mwaka haujaisha petroli ikapita shilingi 210. Mwaka huohuo ililetwa bei maalum ya umeme wa kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi. Tukiipata mita ya peke yake hesabu yangu itakuwa tamu zaidi. Ombi hilo nimelifuatilia mimi mwenyewe, kwa nauli yangu.

Betri. Najua mnaingoja. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, inategemea upepo tu, na joto ndilo adui yake. Huku kwetu wakati wa kaskazi si mchezo. Pembeni mwa geji ya chaji kuna vipande 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Gari letu lilikuja na 11 na hadi juzi nilipoliangalia ni 11. Ndiyo maana dereva ameambiwa apaki chini ya mwarobaini, asilichome juani, na asiache chaji ishuke mno, kwa sababu stima ikipotea usiku kucha, safari ya Diani asubuhi imekwisha. Bei ya gari hili siku ya kuliuza pia itakuwa chini kuliko ya Probox, hilo sibishani nalo. Lakini kwa miaka mitano akiba ya mafuta ni 1,350,000. Ukitoa zile 430,000 zinabaki 920,000 za kukabili betri na bei ya kuuzia.

Na sisemi kila mtu akimbilie umeme. Mwenye gari la kupeleka watoto shule na kwenda msikitini, kilomita 5,000 kwa mwaka, ataokoa 45,000 tu. Huyo itamchukua zaidi ya miaka tisa kurudisha tofauti. Abaki na petroli yake kwa amani. Faida ya umeme iko kwa anayetembea sana, na sisi kazi yetu ni kutembea.

Michango sasa. Shilingi 500 kwa mwezi, watu 64, ilipasa tuwe na 384,000. Zimeingia 231,000. Zinazodaiwa ni 153,000, na baadhi ya wenye sauti kubwa kuhusu gari wamo humo. Yupo ambaye hajalipa tangu mwaka juzi lakini anataka kuona risiti ya chaja. Risiti ipo. Yake ndiyo haipo.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia gari la pili, na huenda paneli za sola juu ya paa la ofisi, mambo yakiwa mazuri. Kamati itaangalia.

Mweka hazina atasoma hesabu kamili. Ataanza na majina ya wanaodaiwa.