Kwa watoto na wajukuu wa jirani yangu: picha ile si ya baba yenu

Wanangu, wajukuu zangu, na vijana wote mliohudhuria hitma ile,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimengoja siku tisa kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa mtu wa umri wangu akiandika na hasira huandika mambo ambayo baadaye hana miguu ya kuyazungukia nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Hasira imepungua, haijaisha.

Siku ya arubaini ya marehemu mlitundika kitambaa kikubwa chenye picha ya askari aliyevaa kofia ya chuma na kushika bunduki, na chini yake mkaandika jina la baba yenu. Picha ile si yake. Nimekaa naye jirani zaidi ya miaka hamsini, nilikuwa nikimjua gizani kwa mwendo wake tu, na hata kama macho yangu yana ukungu, yule ni mtu mwengine mliyemwokota kwenye intaneti. Kisha mmoja wenu akashika kipaza sauti akaeleza jinsi marehemu alivyoongoza kikosi kuingia Kampala na jinsi alivyowaua maadui kwa mkono wake, watu wakaitikia kwa takbiri, nami nikabaki nimeinamia jamvi. Mama yenu, ambaye yumo ndani ya eda na alikuwa akisikiliza nyuma ya dirisha, aliniita nilipokuwa nikiondoka, akaniuliza: "Mwalimu, huyo waliyekuwa wakimsema ni nani?"

Baba yenu alikuwa dereva. Aliingia Jeshi la Wananchi la Tanzania akiwa kijana, akafundishwa gari huko huko, na Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa, yeye alikuwa kambini bara, miongoni mwa waliopewa malori ya kupeleka risasi na makombora mpakani. Tarehe 2 Novemba tulimsikia Mwalimu Nyerere akisema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Maneno hayo mnayajua, kwa sababu hurudiwa kila mwaka. Kisichorudiwa ni kwamba uwezo ule ulikwenda kwa magurudumu, na kwamba kutoka Mutukula pale mpakani hadi Masaka ndani ya Uganda, na kutoka Masaka hadi Kampala, kila kombora lililopigwa lilikuwa limekwisha kubebwa na mtu kama baba yenu, mvua ikinyesha, taa za gari zimezimwa, usingizi umemjaa machoni.

Nayajua haya kwa sababu barua zake zilipita mikononi mwangu. Mama yenu amesoma chuo cha Kurani, na msahafu anausoma kuliko wengi wenu, lakini herufi hizi za skuli wakati ule hakuzijua, kwa hiyo kila barua ilipofika aliniletea mimi, nami nikamsomea barazani huku yeye amekaa ndani ya mlango. Zilikuja nne. Katika zote nne hakuna hata pahala pamoja aliposema kwamba ameua mtu. Aliuliza kama karafuu ziliwahi kukauka kabla ya mvua za vuli. Aliuliza kama mtoto wa pili amepona surua. Katika barua ya tatu aliagiza kwamba mkarafuu ulio karibu na kisima usipandwe na mtu asiyeujua, kwa kuwa tawi lake la upande wa kibla lina ufa. Mtu yuko vitani, wanangu, hajui kama ataiona kesho, na anafikiria tawi litakalomwangusha mchumaji huku Pemba.

Habari za vita alinieleza mara moja tu, miaka mingi baadaye, akiwa anachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na muda wote aliokuwa akisema hakuinua macho. Alisema kwamba Machi 1979, pale Lukaya, kwenye njia ya Masaka kwenda Kampala, ambapo barabara inapita katikati ya kinamasi kirefu na ambapo majeshi ya Amin yalisaidiwa na askari wa Libya, lori lake lilizama tairi za nyuma ukingoni mwa barabara, wakalazimika kuyashusha masanduku usiku kwa mikono, wawili wawili, kwa kupapasa. Hakuiogopa mizinga kiasi alivyoogopa lori kulala ubavu, kwa sababu lingelala, njia yote ingezibika na walio mbele wangekaa bila risasi. Nikamwuliza, "Ikawaje?" Akanijibu, "Tukalisukuma," akavuta chano chengine, sinia la mbao, cha karafuu. Kampala ilipochukuliwa tarehe 11 Aprili, yeye alikuwa Masaka, chini ya gari, akishughulika na springi iliyokatika.

Sasa niambieni: lori lile lina upungufu gani hata likaondoshwa, pakawekwa bunduki ya mtu mwengine? Tumeamrishwa kutaja mema ya maiti wetu, hatukuamrishwa kuyatunga. Mlipomvika sifa isiyo yake mlimvua iliyo yake, na mlifanya hivyo mbele ya watu ambao baadhi yao walimwona akiondoka na akirudi.

Nami naijua sababu yenu. Mlitunga kwa kuwa hamkuwa na la kusema, na hamkuwa na la kusema kwa kuwa hamkuuliza. Kila alasiri kwa miaka thelathini mzee yule alikaa kwenye baraza ile ile na kikombe chake cha kahawa. Mlikuja siku za Idi kwa boti kutoka Unguja na Dar es Salaam, wengine kutoka Maskati, mkakaa pembeni yake mmeinamia simu. Nilimwona mmoja wenu akimpiga picha anakula muhogo, asimwulize kama umeiva. Alikuwa mtu wa maneno machache, ni kweli, lakini mtu wa maneno machache huulizwa mara mbili.

Wala si nyinyi peke yenu. Kila tarehe 25 Julai wakubwa wetu huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, na ni jambo jema, lakini marehemu alipokuwa akifuatilia karatasi za mafao yake katika ofisi moja ambayo sitaitaja, aliambiwa faili lake halionekani. Akarudi mara ya pili na ya tatu, nauli akiipata kwa kuuza nazi, na mara zote alisimama dirishani, kwa sababu hakuna aliyefikiri kumpa kiti.

Kama mlitaka kuhadithia ushujaa, ulianza aliporudi. Taifa liliambiwa lifunge mikanda kwa miezi 18, ikafungwa miaka. Sukari haikuonekana, sabuni ilipatikana kwa foleni, na katika miaka hiyo ya themanini bei ya karafuu ikaanguka, kwa kuwa Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa, alikwisha kupanda yake ya kumtosha. Baba yenu alikuwa na watoto wanane. Alilima muhogo, akatega madema ya samaki, na msimu wa karafuu ulipofika alikuwa wa kwanza juu ya mti na upembo wake, ule mti wa kuvutia matawi, na wa mwisho kulala, kwa sababu mvua ikianza usiku wa manane yeye ndiye aliyesikia na kutoka mbio kukunja majamvi. Wachumaji aliwapimia karafuu kwa pishi zao na kuwalipa jioni ile ile, kabla hajanawa mikono kula. Siku moja nilimwambia angoje mpaka auze karafuu Shirikani, kwa shirika la serikali linalonunua karafuu, akanijibu kwamba aliyeshuka mtini ana njaa leo. Ada zenu za skuli zilitoka kwenye mikono ile iliyopakwa weusi na utomvu, nanyi hamkuitaja hata kwa sentensi moja.

Alikuwa na makosa yake. Alikuwa mkali, na kuna siku ukali wake ulipita mpaka. Aliyefikwa anajua, na mimi yaliyobaki nitayafukia pamoja na yangu.

Mengine nayasema kwa ufupi. Madeni yake yalipwe kabla ya mirathi kugawanywa, likiwamo la duka. Mikarafuu msiikodishe kwa pupa kwa mtu atakayeivunja matawi. Mama yenu asiachwe peke yake na mtoto wa skuli mpaka eda imalizike. Na kitambaa kile kiteremshwe leo. Bado kinapepea pale uwanjani, na kila nikienda msikitini yule kijana nisiyemjua ananielekezea bunduki.

Barua zile nne ninazo mimi. Mama yenu alinipa niziweke mwaka ambao paa lao la makuti lilivuja, nazo zimo ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda changu, moja imeliwa na mchwa pembeni lakini inasomeka. Njooni Ijumaa baada ya sala, mje na mama yenu akimaliza eda ikiwa mtapenda kungoja, nizisome kwa sauti kama nilivyozisoma mwanzo, naye akae ndani ya mlango.

Wassalamu alaykum.

Mwalimu mstaafu, jirani yenu,
Kusini Pemba