Taazia ya nesi isiishie kwenye idadi ya wajukuu

Ndugu Mhariri,

Taazia za wauguzi zinazochapishwa magazetini zinafanana kama vidonge vya kopo moja: marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, ameacha watoto kadhaa na wajukuu wengi. Futa jina, bandika la mwingine, hakuna atakayegundua. Sisi wauguzi na wakunga wastaafu hatuilaumu familia. Wajukuu walimjua bibi. Nesi hawakumjua, kwa kuwa kazi yake ilifanyika usiku, nyuma ya pazia la wodi, na mengi ya huko maadili yalimkataza kuyasimulia.

Kwa hiyo anzeni na karatasi zake: vyeti, leseni ya uuguzi, barua za uhamisho, barua ya kustaafu. Humo mtapata mwaka aliohitimu na vituo alivyopitia. Jina huleta utata, maana cheti kinaweza kuwa na jina la baba yake na barua ya kustaafu ikawa na la mumewe. Tajeni yote mawili, la sivyo waliosoma naye watapitisha macho tu. Cheo nacho kiandikwe sawasawa. Muuguzi msaidizi, muuguzi, mkunga na metroni hawafanyi kazi moja. Neno "sista" ndilo linalosumbua zaidi: wodini ni muuguzi msimamizi, kwa msomaji wa kawaida ni mtawa. Bibi wa wajukuu kumi na mmoja akiitwa sista bila maelezo, watu watabaki wanaulizana.

Mkishaipata miaka, mmepata na kazi yenyewe. Nesi wa kabla ya 1980, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imetokomezwa duniani, huenda alichanja watu kwa ile sindano fupi yenye ncha mbili. Mpango wa chanjo wa shirika hilo ulianza 1974 ukilenga magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Aliyebeba kasha la chanjo ilimbidi alitunze kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Kila mtu anajua joto huharibu chanjo. Wachache wanajua kwamba chanjo ya pepopunda ikiganda kwa baridi nayo haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana salama. Bomba za sindano zilikuwa za kioo, zikichemshwa na kutumiwa tena, na sindano ikiwa butu ilinolewa. Mjukuu anayeona bomba la plastiki likitupwa baada ya mgonjwa mmoja hawezi kuyajua hayo asipoambiwa.

Kama alikuwa mkunga, semeni alivyofanya ukunga. Alijaza patografu, ile karatasi ya mchoro inayofuatilia uchungu: uchungu ukishakolea, njia ya kizazi ilitarajiwa kufunguka walau sentimita moja kwa saa, na mchoro ukivuka mstari wa tahadhari alitakiwa kuamua mapema kama mama apelekwe kituo kikubwa. Mtoto akitoka, alimpa alama za Apgar dakika ya kwanza na ya tano kwa rangi ya mwili, mapigo ya moyo, mwitikio, nguvu ya misuli na upumuaji, kila kimoja kuanzia 0 hadi 2. Sentensi mbili za namna hiyo zinamheshimu kuliko "alizalisha maelfu ya watoto", hesabu ambayo hakuna aliyeiweka.

Wenzake msiwaulize "alikuwaje?" Mtajibiwa "alikuwa mtu mzuri sana", na mazungumzo yataishia hapo. Ulizeni akipokea zamu alianzia kitanda gani na kwa nini. Ulizeni alikuwa mkali kwa jambo gani, na ni nani aliyefundishwa naye kupata mshipa wa mtoto mchanga. Ulizeni upesi, maana nao ni wazee.

Upande wa ubibi nao utafutwe hapo hapo kwenye kazi, kwani manesi hawavui taaluma pamoja na sare. Mjukuu akikohoa, bibi wa aina hii alifunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, saa mkononi. Watu hudhani ni mbwembwe. Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio sawa, kwa hiyo kuhesabu robo dakika na kuzidisha mara nne hupotosha. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na kuendelea kwa wa mwaka 1 hadi 5, humaanisha safari ya hospitali. Mjukuu anayekumbuka ukimya wa dakika ile ana aya nzuri mkononi; aiandike kabla ya "alitupenda sote".

Yapo ya kuacha. Msimtaje mgonjwa wala ugonjwa wake, hata kwa kusifu, kwa sababu siri ya mgonjwa haifi na muuguzi. Namba ya kitambulisho, anwani ya nyumba na tarehe kamili ya kuzaliwa ziwekeni kando. Matapeli husoma taazia kwa makini kuliko jamaa. Mwaka unatosha, ila hesabuni umri vizuri: aliyezaliwa Novemba 1941 akafariki Machi 2024 alikuwa na miaka 82, ingawa kutoa mwaka kwa mwaka kunaleta 83. Wajukuu watajwe kwa idadi. Orodha ya majina humwacha mmoja nje, na huyo hasahau.

Picha itumwe faili halisi. Iliyopita kwenye simu tano hupungua ubora, na ikichapishwa uso huwa madoa. Maneno 300 yanatosha, na yakisomwa kwa sauti hayazidi dakika tatu hivi. Kabla ya kuyatuma, mmoja asome kwa sauti mbele ya mzee wa familia na mwenzake mmoja wa wodini. Mzee atashika majina, mwenzake atashika cheo.

Wenu,
Wauguzi na wakunga wastaafu