Muulize habari za mlango, usimuulize habari za maisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wasomaji juu ya kazi ambayo familia nyingi huianza kwa nia njema na kuiharibu ndani ya dakika ya kwanza. Mtu mzima anaketishwa, simu inawashwa kurekodi, kisha anaambiwa: "Haya, tusimulie maisha yako."

Swali hilo hujibiwa kwa wasifu. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma hapa, akaajiriwa pale, akaoa, akajaliwa watoto watano. Dakika kumi na mbili, kwisha. Msimuliaji hajaficha kitu. Ameulizwa miaka sabini kwa mkupuo, naye amejibu kwa kipimo hicho hicho. Vile visa vya ghafla ambavyo hata watoto wake hawajawahi kuvisikia havikai kichwani kwa mpangilio wa miaka. Vimeshikamana na vitu, mahali na watu.

Mwanasaikolojia wa Kiholanzi Willem Wagenaar alilionyesha hili mwaka 1986. Kwa miaka 6 alikuwa ameandika matukio ya maisha yake mwenyewe, takriban 2,400, na kwa kila tukio akanukuu mambo manne: nini, nani, wapi, lini. Alipokuja kujipima, "nini" ndilo lililomrudishia tukio kwa nguvu zaidi. "Lini" likiwa peke yake halikumfaa karibu chochote. Nasi ndipo tunapoanzia! "Ilikuwa mwaka gani, babu?" Babu anaanza kuhesabu vidole, anatazama dari, anamwomba bibi amsaidie, na kisa kimeshapotea. Tarehe itafutwe mwisho, tena kwa kuzunguka: mtoto wa kwanza alikuwa ameshazaliwa? Mlikuwa mmeshahama?

Kwa hiyo anza na kitu. Mpe karatasi na kalamu, achore ramani ya nyumba aliyoishi akiwa na miaka kumi: mlango uko wapi, nani alilala wapi, maji yaliwekwa wapi. Uzuri wa mchoro haujalishi. Mkono ukichora mdomo hufuata, na akifika kwenye kona fulani atasita au atacheka peke yake. Hapo ndipo pa kuuliza: "Hapa kulitokea nini?" Asiyeweza kuchora mpeleke kwa maneno: "Tumesimama mlangoni. Mlango una kitasa au komeo? Ukisukumwa unapiga kelele? Nani alikuwa akiufunga usiku?"

Njia nyingine ni ya maneno matupu. Mtafiti Francis Galton wa Uingereza aliieleza mwaka 1879: alikuwa na orodha ya maneno 75, akalitazama moja baada ya jingine na kunakili kilichomjia akilini. Maneno kumi yanatosha kwa kikao kimoja. Ufunguo, kiatu, mvua, deni, barua, jino, ngazi, mgeni, moto, giza. Kwa kila neno omba siku moja tu, moja mahsusi. Maneno makubwa kama "upendo", "mafanikio" na "huzuni" yaache, kwa kuwa huleta hotuba. Na anayejiandikia mwenyewe, bila wa kumuuliza, atumie orodha hiyo hiyo, dakika tano kwa kila neno, bila kufuta.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko tunavyofikiri. Sikiliza vitenzi. Mtu akisema "baba alikuwa akirudi usiku, tunamfungulia, anakula, analala", bado anaeleza mazoea, mamia ya usiku yaliyoyeyushwa kuwa mmoja. Ukisikia "siku hiyo akabisha mara moja tu, nikanyanyuka, nikashika komeo, nikasikia anahema", ameshaingia ndani ya tukio. Ile -ka- inayofuatana ndiyo ishara. Ikianza, nyamaza. Usiitikie "ee", "naam", "kweli?", maana sauti yako itakaa juu ya maneno yake kwenye rekodi, tena utamkumbusha kwamba anahojiwa. Itikia kwa kichwa na macho. Na akiwa bado kwenye mazoea, mvute taratibu: "Kuna usiku mmoja uliokuwa tofauti?"

Akimaliza, hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kuuliza tena. Sekunde hizo ni ndefu na zinatisha, na wengi hushindwa kuzivumilia. Lakini maelezo ya kwanza mara nyingi ni yale aliyokwisha kuyazoea kuyatoa. Lisilotarajiwa hufuata baada ya kimya, kwa sauti ya chini, likianza na "lakini" au "kumbe".

Maswali yenyewe yasibebe jibu. "Uliogopa sana?" limeshampangia la kusema. Uliza: "Mikono yako ilikuwa inafanya nini?" au "Ulisikia nini kwanza?" Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, magari "yalipopondana", walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa magari "yalipogusana" walisema 31.8. Kitenzi kimoja tu!

Upande wa vifaa simu inatosha, ila iwekwe vizuri. Izimie mtandao kwa hali ya ndegeni, kwani simu ikiingia programu nyingi hukata rekodi bila kukuambia. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, la sivyo kila kikombe kitakachogusa meza kitasikika kama nyundo. Maikrofoni ya simu nyingi iko ukingo wa chini, karibu na tundu la chaji, basi ukingo huo umwelekee msemaji, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya pumzi yake. Chumba chenye godoro, pazia na nguo humeza mwangwi kuliko sebule tupu yenye sakafu ngumu. Zima feni. Zima friji pia kama iko karibu, na weka funguo zako za nyumba ndani yake: hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuiwasha.

Rekodi sekunde 30 za majaribio, zisikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, la chaneli moja, sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, hula karibu megabaiti 320 kwa saa. MP3, yaani sauti iliyobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kama 58. Chagua WAV ikiwa nafasi ipo, kwa sababu kilichobanwa hakirudi. Mwanzoni taja kwa sauti jina la msimuliaji, tarehe na mahali. Siku hiyo hiyo weka nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba hiyo. Simu iliyodondoka majini imezika masimulizi mengi.

Ridhaa ichukuliwe kabla, na irekodiwe. Mweleze kwamba simu itaendelea kurekodi mpaka mtakapoagana, kwa sababu mazungumzo ya kuagana, akiona kazi imekwisha, huwa na utajiri wake. Akitaka sehemu ifutwe, ifutwe mbele yake. Kisa kikimgusa jeraha, usimsukume, wala usizime ghafla na kusimama. Mrudishe kwanza kwenye jambo jepesi. Dakika 90 ni nyingi kwa kikao kimoja. Mume na mke warekodiwe mbalimbali, maana ule msemo wa "si hivyo, umesahau" umekata visa vingi vikiwa katikati.

Na je, tuyaamini tuliyosimuliwa? Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi, asubuhi iliyofuata, jinsi walivyopata habari hiyo. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena 44 kati yao. Watatu tu walipata alama zote, na 11 walikosea kila kitu, ingawa kwa jumla wanafunzi walikuwa na uhakika mkubwa. Hawakuwa waongo. Ndivyo kumbukumbu ilivyo: kila tunapoisimulia tunaijenga upya. Basi usibishane na msimuliaji. Andika "anavyokumbuka", kisha pembeni linganisha na cheti, barua, au picha yenye mwandiko nyuma. Pakitofautiana, hifadhi yote mawili.

Kuhamisha saa moja ya sauti kwenye maandishi huchukua saa nne hadi sita, kwa hiyo usiandike yote. Andika dakika mahali visa vinapoanzia, chagua kimoja, kiandike kwa maneno 300 hadi 400 ukianzia ndani ya tukio. Lahaja yake iache ilivyo. Akisema "nikastukia" usimsahihishe. Na funzo mwishoni usiliongeze kama yeye hakulisema.

Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Magazeti yanapowaalika wasomaji kuleta "tukio lisilosahaulika", hupokea harusi, mahafali na ajali, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kuchagua. Jaribu juma moja kuwaomba waandike juu ya mlango wowote waliowahi kuufungua, maneno 300, siku moja tu. Juma linalofuata, kiatu.

Wako,
Mrekodi wa masimulizi ya wazee